Pijo Nililoliuza Bila Kukuambia

Mwanangu Prosper,

Mama yako ameshakuambia yote. Blanketi liko wapi, ndizi za njiani zimefungwa wapi, usipokee soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, usilale bila chandarua huko ziwani. Nimemsikiliza tangu mchana nikaona hakuna alichoniachia. Kwa hiyo mimi sitakuagiza chochote. Nimemwomba anipishe mezani na aniachie taa, akanitazama kama mtu aliyekuja kukopa. "Barua? Si yuko hapo chumba cha pili?" Ni kweli uko hapo. Nakusikia unafunga zipu ya begi na kuifungua tena. Lakini unanijua. Mimi nikikaa na mtu uso kwa uso kwa jambo zito, naishia kumuuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Tangu niliuze lile gari letu la Pijo unanijibu ndiyo baba, hapana baba. Wewe, ambaye tumebishana tangu ukiwa mdogo, hadi juu ya spana ipi inafaa nati ipi! Siku ile ulirudi kutoka Himo ukakuta bandani pamebaki mawe matupu na udongo mweusi wa oili.  Halafu ukaniuliza, "Baba, unanifukuza?" Nikasema hapana, nikachukua panga nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Jibu la mwanamume mzima hilo! Nilikata majani mpaka ng'ombe wakashindwa kuyamaliza.

Sasa kesho unaondoka ukiamini baba yako ameuza gari ili akutoe nyumbani. Usiende Mwanza na jambo hilo kifuani. Ndiyo maana naandika, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kichagga nikikiandika nacheka mwenyewe.

Nianze na kwa nini nililinunua, maana hilo hujawahi kuambiwa. Wewe ulidhani napenda magari. Aa, wapi! Mimi magari sikuyajua kabisa. Nilipolinunua sikujua hata mafuta yanatiwa upande gani.

Mimi ni kitinda mimba, na kwetu huku Uru, kama kote mlimani, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Wakubwa wanatoka kwenda kutafuta maisha, mdogo anabaki na kihamba, yaani shamba la ukoo, na makaburi, na mama. Sikulalamika. Nilikipenda kihamba hiki, na bado nakipenda. Hata leo asubuhi nimepita kwenye migomba baada ya mvua nikajiona tajiri. Ila kulikuwa na siku moja kila mwaka iliyokuwa inanikera, nayo ni siku ya kuja kwa kaka zangu wakati wa Krismasi.

Umeikuta, lakini hukuiona ilivyokuwa miaka ile ya foleni za sukari. Bibi yako alikuwa anasimama njia panda tangu asubuhi, kanga mpya begani. Magari yanapanda kutoka mjini yakipiga honi, watoto wanakimbia nyuma. Gari la baba yako mkubwa Aloyce likitokea kwenye kona, Bibi anapiga vigelegele mpaka majirani wanatoka. Aloyce akishuka, Bibi anamshika mashavu, na kabla hata ya salamu anamwuliza, "Umeniletea nini?" Kila mwaka swali ni hilo hilo. Na Aloyce anafungua buti: sabuni, sukari, unga wa ngano, vitu ambavyo huku tulikuwa tumesahau harufu yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Kweli nilipona, sukari yao niliinywa. Lakini mimi ndiye niliyemlisha mbuzi tangu Agosti. Mimi nimepaka nyumba chokaa, nimefyeka makaburi, nimebeba ndizi za kupikia pombe ya mbege mpaka shingo imekakamaa. Na siku yenyewe natokea nyuma ya zizi nimeshika ndoo, nanuka ng'ombe, kaka zangu wananipiga bega, "Mdogo wetu, hujambo?" Hakuna anayempigia vigelegele mtu aliyetokea zizini. Niliona wivu, mwanangu. Wivu wa kitoto kabisa, nami nilikuwa na mke na watoto.

Utacheka, lakini ndiyo sababu ya gari. Nilijiambia: nitapata gari, nitalitengeneza, halafu siku moja kabla ya Krismasi nitashuka nalo alfajiri kimyakimya mpaka Majengo, kule mjini. Nitanunua mkate, nitanunua sukari, nitasubiri. Mchana, wageni wakianza kupanda, na mimi nitaingia katikati yao nipande nikipiga honi, Mama anione nikitokea kwenye kona. Yaani mtu ashuke mlimani ili tu apate kupanda! Nilipomweleza mama yako, alicheka mpaka akakaa chini kwenye maganda ya ndizi.

"Baba Yusta, utakuwa unarudi kutoka wapi?"

"Mjini."

"Mjini si ulikwenda juzi, ukarudi na chumvi?"

 Nilikuwa nimeshaamua.

Pijo nililikuta Rau, nyuma ya nyumba ya bwana mmoja aliyekuwa amehamishwa kikazi. Lilikuwa juu ya mawe, halina matairi, halina kioo cha mbele, na mbarika ulikuwa umeota kupitia sakafu ukatoka dirishani. Mtu mwenye akili angeuona ule mbarika angerudi kwake. Mimi niliuona nikasema, udongo una rutuba. Tukalivuta kwa trekta la misheni mpaka hapa, na njiani kila mtu aliuliza limekufa lini.

Krismasi ya kwanza halikuwa tayari. Krismasi ya pili kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Aloyce akaja akalizunguka mikono nyuma, akasema, "Banda zuri la kuku hili, linafungika na milango." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikiumia.

Kioo cha Tarakea unakikumbuka? Najua unakikumbuka, lakini acha nikisimulie mimi, kwa sababu wewe kila ukisimulia unanifanya mimi ndiye mjinga. Ulikuwa darasa la tatu. Tulisikia kuna mtu upande wa pili wa mpaka, pale Tarakea, ana kioo cha mbele cha Pijo, tukaenda siku ya soko, mimi na wewe. Tukakifunga kwenye blanketi la mama yako, ambalo hatukuliomba. Tukarudi nacho juu ya lori la maharage mpaka Himo, tukadandia jingine mpaka Moshi, halafu tukapanda mlima kwa miguu, mimi nimeshika upande huu na wewe ule. Kila jiwe nakupigia kelele, "Taratibu! Taratibu!" Tukafika salama. Hakina hata mkwaruzo. Nikakiegemeza ukutani pa banda, nikaenda kunawa uso. Na beberu wa Krismasi, ambaye nilimlisha kwa mikono yangu, akapita pale, akaona beberu mwenzake ndani ya kioo anamtazama kwa dharau.

Nilisikia mlio tu. Nilipotoka, kioo kilikuwa chenga, beberu amesimama kifua mbele, na wewe umekaa chini unacheka huku umeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nakwambia ukweli, mkono wangu ulishainuka. Halafu nikamtazama yule beberu alivyokuwa anamtafuta adui yake kwenye vipande, nikashindwa. Tulicheka mimi na wewe mpaka Bibi akadhani tumelewa. Blanketi nalo lilichanika, na kwa hilo hatukucheka.

Nadhani ni siku ile gari lilipoacha kuwa la Krismasi. Sikujua wakati ule. Niliendelea kusema mwakani, mwakani. Lakini nilichokuwa nangojea kilikuwa Jumamosi, tukitoka shambani, wewe unatangulia bandani na msasa wako kipande, unakwangua kutu na kuniuliza maswali. Baba, kabureta inafanya nini? Sijui. Baba, kwa nini breki ina mafuta? Sijui. Tuulize Majengo. Tunashuka Majengo kwa mafundi, tunauliza, tunarudi tunabishana walichosema. Sikuwahi kukaa na baba yangu hivyo. Baba yangu alikuwa mtu wa kuitwa na kuitikiwa. Kwa hiyo nilikuwa najifunza mambo mawili kwa pamoja, gari na wewe, na yote mawili nilikuwa nimeyachelewa.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, magari ya Kijapani yakaanza kupanda mlima, yana viti safi na redio. Kahawa nayo ikawa bei yake inakatisha tamaa, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Aloyce akaja na gari linalofunga milango lenyewe. Watu walinionea huruma na Pijo langu, na wala sikujali. Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka, kwamba mtu aliyenunua kitu ili aonekane, sasa hajali kuonekana.

Wewe ukaenda kusoma ufundi, ukarudi unajua. Mwaka ule uliporudi ulifanya mambo ambayo mimi nilikuwa nayazunguka miaka yote. Ulichomelea sakafu pale mbarika ulipopita. Ulifunga breki. Milango ikafunga kwa sauti nzuri. Na ile Jumapili baada ya misa ukaliwasha. Loo! Moshi ulijaa banda zima, kuku wakaruka juu ya paa, Bibi akatoka na fimbo kuuliza nani anachoma nyumba. Liliwaka, Prosper. Liliunguruma vizuri. Ukanitazama, uso wako umejaa masizi na meno, ukasema, "Baba, limebaki rangi na viti. Krismasi unapanda nalo."

Nikakwambia, "Hiyo sauti si yake. Fungua tena."

Ilikuwa sauti yake. Naandika hapa ili ujue: haikuwa na kosa. Hukubisha, na ndicho kilichoniumiza zaidi baadaye. Uliifungua injini ukaitandaza kwenye magunia. Rangi ya milango nayo nilikwambia ina mawimbi, ukaikwangua, ukapaka, nikakwambia bado, ukaikwangua tena. Ulinunua msasa kwa pesa yako. Sikufanya makusudi, au niseme sikujiambia kwamba nafanya makusudi. Nilichojua ni kwamba gari likiisha, hutakuwa na la kufanya hapa.

Ikaja barua ya rafiki yako kutoka Mwanza, kwamba kiwanda kimoja cha samaki huko kinatafuta fundi wa mitambo ya barafu. Nilikutania siku ile, nikasema mtu unaacha barafu ya bure ya mlima iliyoko juu ya kichwa chako unakwenda kutengeneza ya umeme. Ukacheka, ukasema, "Tumalize gari kwanza, Baba." Nilifurahi mno. Usiku nilikula mara mbili. Ikaja barua ya pili, kwamba nafasi haitangoja. Ukasema tena, gari kwanza. Na mimi nikafurahi tena, ila safari hii mama yako alikuwa ananitazama.

Alisubiri umetoka. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, hakuinua hata kichwa. "Baba Yusta, hilo gari limeisha mara ngapi sasa?"

"Halijaisha."

"Nimeuliza limeisha mara ngapi."

 Nilikwenda nikakaa kwenye lile kreti la soda ulilokuwa umeweka badala ya kiti cha dereva, nikashika usukani. Nikakumbuka kwamba mimi nilibaki hapa kwa sababu nilizaliwa wa mwisho, na hiyo angalau ni desturi, kila mtu anaijua, mtu anaweza kuikasirikia au kuikubali. Mimi niliikubali. Lakini wewe nilikuwa nakubakiza kwa mlango usio na mawimbi. Nilijionea aibu, mwanangu, na nilikaa pale mpaka kuku wakaanza kuingia kulala.

Ndipo nikamtafuta mnunuzi. Nilipomtaja Mzee Swalehe ulitoka nje, kwa hiyo hujui habari zake. Ni mzee wa Majengo, aliendesha teksi maisha yake yote, na moja ya teksi hizo ilikuwa Pijo kama letu. Alikuja na Landrova ya mpwa wake, siku ile niliyokutuma Himo. Ndiyo, nilikutuma makusudi. Ningekuambia, ungekataa, na ungekataa ningefurahi, na tungekuwa bado tunakwangua mlango.

Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akasema, "Marahaba, liko wapi?" Hakutaka hata chai kwanza. Akaligusa boneti kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nikaanza kumweleza kilichobaki: injini iko kwenye magunia, viti havijashonwa, rangi ya milango. Akainua mkono.

"Usinimalizie, Baba Yusta. Ukinitajia yote utaninyima kazi. Mke wangu amechoka kuniona barazani. Anataka nipate kitu cha kunitoa nje mpaka adhuhuri."

"Na lisipoisha je, mzee?"

"Lisiishe. Mimi nina safari gani?"

Nilimpenda mtu yule. Nilimpunguzia bei kwa ajili ya neno hilo, usimwambie mama yako.

Tukapakia injini na magunia kwenye Landrova, tukafunga cheni, na mtu akatakiwa kushika usukani wa Pijo likivutwa. Mpwa wa mzee akajitokeza. Nikasema hapana, huyu namshusha mwenyewe. Nikakaa kwenye kreti la soda. Basi ndivyo nilivyoliendesha gari langu kwa mara ya kwanza na ya mwisho, bila injini, kutoka hapa mpaka Majengo. Njia nzima watu wanasimama. "Hongera Baba Yusta! Limepona!" Napunga mkono. Mama mmoja pale karibu na zahanati akauliza mbona halina sauti, nikamwambia magari mazuri hayapigi kelele. Watoto wakakimbia nyuma mpaka mtelemko mkali. Na kwenye mtelemko breki zako zilishika, Prosper. Zilishika mpaka Rau, sikugonga Landrova hata mara moja. Mzee Swalehe aliteremka akaniuliza nani alizifunga. Nikasema mwanangu, halafu nikajifanya nakohoa vumbi.

Mke wa mzee alitukaribisha chai. Alinifungia vitumbua kwenye gazeti, nikarudishwa kwa Landrova mpaka njia panda, nikashuka.

Hapa sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nikae kimya siku zile zote, wala siyo hasira. Mimi nikitoka mjini huwa napita njia ya mkato, kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, natokea zizini moja kwa moja nikaangalie maji ya ng'ombe. Miaka yote ni hivyo. Siku ile, kwa kuwa nilishushwa njia panda na nilikuwa na viatu vizuri, nilipita njia ya mbele kama mgeni. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, unajua siku hizi hafiki njia panda. Akakinga jua kwa mkono.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Umetoka wapi?"

"Mjini."

"Umeniletea nini?"

 Swali lile lile, mwanangu! Kwa sauti ile ile aliyokuwa anamwuliza Aloyce! Sikuwa na sabuni, sikuwa na sukari. Nikafungua gazeti nikampa vitumbua. Akala kimoja taratibu, akasema sukari haitoshi, akala na cha pili. Nilikwenda nyuma ya banda tupu nikacheka, na machozi yalinitoka nikiwa nacheka. Ilikuwa furaha. Muda wote huo mama yangu yuko mlangoni, tayari kumwuliza mtu yeyote anayetokea mbele, na mimi napita nyuma na ndoo halafu nanuna kwamba hakuna anayenipokea. Wewe ulirudi jioni ile ile, ukaniuliza kama nakufukuza, na mimi sikuwa na maneno hata ya kujieleza mwenyewe, sembuse wewe.

Kwa hiyo yapo mambo ninayoyajua sasa, na nakupa kama mtu anavyompa mwenzake mche wa mgomba, ukiotesha sawa, ukiacha sawa. Usihangaike kuja Krismasi ili watu wakuone. Kama nauli haikutosha Desemba, njoo Februari, ndizi zipo na mbuzi hajui tarehe. Siku utakayokuja pita mbele, hata kama una haraka ya kwenda kumwona ng'ombe. Na kitu ukikianza huko Mwanza, uwe na mwanamke, uwe na nyumba, uwe na mashine yako, mwenzako akikwambia sasa kiko sawa, msikilize. Ukiona unatafuta kosa ambalo halipo, jiulize unaogopa nini kikiisha.

Nami niko vizuri. Usinionee huruma. Banda nimelifagia, mama yako anataka kuweka kuku wa kisasa, tunabishana. Wiki iliyopita nilishuka Majengo nikamkuta Mzee Swalehe ameng'oa milango yote, amefurahi kupita kiasi, hana mpango wowote wa kumaliza. Nilikaa naye mpaka adhuhuri nikimshikia spana. Nitakuwa nakwenda siku za soko.

Limebaki moja. Mama yako amenipa swali ulilomwuliza jana jikoni: "Nikienda, nani atabaki na nyumba hii?" Najua limetoka wapi. Baba yako mkubwa Aloyce alisema mwaka jana mbele ya ukoo mzima, mfupa mkononi, kwamba kitinda mimba akiondoka nyumba inalia. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na funguo za gari mfukoni. Nawe ni mtoto wangu wa kiume pekee, na wa mwisho, ukalichukua neno lile ukaliweka moyoni.

Nimelifikiria swali lako kwa siku nzima, na nikaona kaka yangu amekosea hesabu. Bibi yako yuko hai. Amelala chumba cha pembeni, amekoroma tangu nilipoanza kuandika. Maadamu yeye yupo, kitinda mimba wa nyumba hii ni mimi. Siyo wewe. Zamu ni yangu, sijachoka, na sijamwomba mtu anipokee. Zamu ikija kubadilika tutakaa tuzungumze, mimi na wewe na dada zako, na pengine tutaona Yusta ndiye anayekitaka kihamba kuliko sisi wote. Aloyce atazimia, tutammwagia maji. Lakini hayo si ya kesho.

Ya kesho ni basi. Sikukufukuza, Prosper. Nilikuwa nimekaa mlangoni nimekuzibia njia, nikidhani nakusaidia kazi. Nimesogea. Pita, mwanangu.

Mimi, baba yako.